Biblioteki Isiyo na Vitabu

Ninyi vijana wa leo, mukisikia "versheni mpya" munakimbia kama kuku waliosikia debe la mahindi. Mashini inauliza: unakubali? Munabonyeza ndiyo. Inauliza tena: umesoma? Ndiyo. Umesoma nini, weye? Hata mustari mumoja hukusoma. Siku mashini itawauliza kama munakubali kuoa mama-mukwe wenu, mutabonyeza ndiyo, kisha mutakuja kulia kwangu.

Na kulia munakuja kweli. Juzi kijana mumoja wa biro fulani, ofisi moja ya hapa Kalemie, alifika kwangu na pikipiki, jasho linamutiririka, shati limemushika mugongo. Anasema: "Papa Kisimba, tumepandisha serva ya bazi ya data, na sasa nusu ya watu wamepotea. Majina yapo, watu hawapo." Nikamuuliza neno moja tu: "Mulikagua biblioteki kabla ya kupandisha?" Akaniangalia kwa huruma, unajua ile huruma munayoitumia kwa wazee. Akasema: "Papa, kwa biro yetu hakuna biblioteki. Hatuna vitabu."

Nilicheka mpaka kifua kikaniuma. Halafu nikakasirika. Maana jibu lile lile nililisikia wakati wa Zaire, ninyi hamujazaliwa, na kwa sababu ya jibu lile mama mumoja mujane karibu atupwe inje ya nyumba yake na watoto na masufuria. Mumesoma shule nyingi kuliko siye, muna mashini zinazoingia mufukoni, na ujinga ni ule ule! Basi mukae chini. Simu muweke mifukoni. Leo nitawaambia.

Nilifanya kazi katika kampuni moja ya uchukuzi pale bandarini. Jina lake ninalimeza, wajukuu wa wakubwa wake bado wanapita mulangoni kwangu. Tulikuwa na chumba cha mashini chenye baridi kuliko hospitali, na wakubwa walikuja kusingizia ukaguzi ili wapoe jasho. Humo ndani mulikuwa na serva yetu, kubwa kama kabati la bibi harusi, na ndani yake habari za kila mufanyakazi: jina, kazi, miaka aliyotumika, nyumba anayokaa.

Aliyenifundisha ni Papa Ngoie. Alikuwa mutoto wa dereva wa treni, na kila kitu kwake kilikuwa treni. Nilimuuliza siku moja biblioteki ni nini. Alisonya kwanza, ndivyo alivyoanza kila somo, akasema: "Serva njo kichwa cha treni. Biblioteki njo behewa umeongeza nyuma. Ni kipande cha programu kinakaa pembeni. Serva ikiulizwa kitu haijui, inakiita: njoo unisaidie. Sasa ukileta kichwa kingine cha treni, kipya, kina nguvu, utaangalia nini kwanza?" Nikajibu: nguvu zake. Akanipiga konzi. "Ndoano, weye kichwa cha samaki! Ndoano! Kama ndoano ya kichwa kipya haishiki mabehewa ya zamani, kitaondoka peke yake kinapiga honi, na abiria watabaki stesheni wanakupungia mukono."

Jambo lingine, lishikeni pia. Alisema: usiulize mashini kitu usichokijua mpaka imekujibu vizuri kitu unachokijua. Kila alipogusa serva, hata kama ni kufuta vumbi tu, aliiuliza habari zake mwenyewe. Ikimwambia yeye ni Ngoie, wa mwaka fulani, wa kazi fulani, anatikisa kichwa. "Sawa. Bado tunafahamiana."

Sasa, kwa nini tulikuwa na biblioteki ya kwetu, ambayo haikupatikana kwa serva yoyote nyingine duniani? Kwa sababu ya majina. Wakati ule serikali ilisema tuache majina ya wazungu. Padri alikubatiza Filipo, lakini kwa biro lazima uwe na jina la mababu. Watu walibadili. Makaratasi yalibadilishwa vibaya. Karani, kwa uvivu wake, badala ya kusahihisha fishi ya muntu, ile kadi ya habari zake, alimufungulia nyingine mpya, na ile ya zamani hakuna aliyeifunga. Baadaye mashini ilipofika, wakaingiza fishi zote kama zilivyo. Nusu ya wazee wa bandari wakawa watu wawili wawili, mumoja wa kanisani na mumoja wa serikali.

Papa Ngoie akatengeneza kipande cha kuwaunganisha. Akakiita Mapasa, maana watu walikuwa wamekuwa mapacha wenyewe kwa wenyewe. Ukiuliza muntu, serva inaita Mapasa, Mapasa inaleta fishi zote mbili, inajumlisha miaka, unaona muntu mumoja muzima. Kazi safi. Papa Ngoie akaenda kupumzika kwao, akaniachia Mapasa na konzi zake kichwani.

Wa kunitawala akabaki shefu wa servisi, nitamwita Sitwayeni Lubamba, maana wakati ule kila muntu aliitwa sitwayeni, raia. Jamani! Alivaa abakosti, lile koti la wakubwa wa Zaire, imefungwa mpaka kooni, hata jua lile la Kalemie linalopasua mawe. Nilifanya naye kazi muda murefu, shingo yake nilikuwa sijaiona. Alisema Kifaransa hata na vantilateri, ile feni ya biro. Kwake swali lilikuwa aibu. Muntu mukubwa, alisema, haulizi, anatoa maagizo.

Basi versheni mpya ya serva ikaletwa kutoka Lubumbashi, bande, ule utepe wa mashini, imefungwa vizuri na karatasi ya maelezo. Mimi siku zile nilikuwa Kabalo, terminali ya kule ilikuwa imejaa vumbi la mahindi, inaandika herufi moja na kumeza mbili. Ingeniere wa Lubumbashi, muntu wa akili na muangalifu sana, akaita kwa phonie, redio yetu ya kuongea na watu wa mbali. Ujumbe ulikuwa mufupi na ulikuwa sawa kabisa: "Kabla ya kuweka versheni mpya, kagueni biblioteki zote, muhakikishe zinakubaliana." Shefu akaupokea yeye mwenyewe. Angeweza kuuliza: biblioteki gani, zikubaliane na nini? Kuuliza si ujinga. Lakini yeye aliona ni ujinga, akabaki nao wote.

Pale kwenye serkle, klabu ya wafanyakazi, kulikuwa na chumba cha kusomea, na humo kabati la vitabu. Shefu akamutuma sekretere wake, Mama Bijou, akague biblioteki. Na "zikubaliane"? Wakati wa Zaire muntu akikwambia hakikisha vitabu vinakubaliana, unawaza kitu kimoja tu: vinakubaliana na Chama. Maskini Mama Bijou! Alikaa mule ndani anafunua kitabu kimoja kimoja, anatafuta kile kinachosema vibaya juu ya nchi. Vitabu vya kupika. Vitabu vya kufuga nyuki. Akapangusa na buibui. Shefu akapanda kwenye phonie na kifua mbele: "Biblioteki imekaguliwa. Vyote vinakubaliana. Viwili vimeliwa na panya." Phonie nayo ilikuwa inakwaruza kama kawaida yake. Ingeniere akasikia "imekaguliwa, vyote vinakubaliana". Akasema, musonge mbele.

Wakasonga. Na sikilizeni hili, maana njo linaloniumiza mpaka leo. Mashini yenyewe ilijaribu kumuokoa. Katikati ya kazi ilisimama ikaandika: biblioteki Mapasa haikubaliani na versheni hii, nitaendelea bila yake, unakubali? Mama Bijou alikuwepo, alinisimulia. Shefu akaona neno biblioteki, akacheka. "Hiyo tumekwisha kuikagua." Akabonyeza ndiyo. Sikio la kufa halisikii dawa! Kisha wakachinja mbuzi, wakaleta makreti ya pombe, wakapiga picha na serva.

Nilirudi na treni ya Kabalo nimechoka, nguo zimejaa makaa. Kuingia koridoo ya biro nikasikia bado harufu ya mbuzi. Na kwenye benchi, mbele ya mulango wa shefu, nikamukuta Mama Safi amekaa, kitambala cheusi kichwani, na juu ya mapaja sahani imefunikwa na sahani nyingine, zimefungwa na kitambaa.

Mama Safi alikuwa mujane wa Papa Kaomba, yule aliyeendesha gri, mashini yetu ya kunyanyua mizigo bandarini. Tulikuwa tumemuzika kabla kidogo mimi sijaenda Kabalo. Papa Kaomba aliweza kushusha kreti ya mayai kutoka kwenye boti bila yai kulia. Bwana wa watu, mukimya, muntu wa kwaya.

"Mama Safi, pole. Kuna nini?"

"Nimeleta chakula cha bwana yangu," akasema.

Nikawaza, basi, kilio kimemupanda kichwani. Nikaketi pembeni yake pole pole. "Bwana gani, Mama?"

"Filipo. Mashini yenu inasema iko kazini. Njo ninamungojea ashuke."

Sijakaa sawa, shefu akatoka. "Mama, nimekwisha kukueleza! Mufanyakazi akitimiza miaka inayotakiwa, familia yake inabakia na nyumba mpaka watoto wamalize shule. Bwana yako Mwenge Kaomba hakutimiza. Mashini inasema hivyo. Siku ya mposho unatoa vyombo, kuna mufanyakazi mwingine anaingia Jumapili."

"Na Filipo Kaomba?"

"Huyo ni mwingine. Pengine ndugu yake."

"Anafanya kazi gani, huyo ndugu?"

Shefu akaangalia karatasi yake. "Gri."

"Gri ziko ngapi hapa bandarini?"

"Moja."

"Basi munipe huyo Filipo!" Mama Safi akasimama, sahani mukononi. "Wangu alikufa, nimelia, nimemuzika. Kama mashini imenipatia mwingine, anaitwa Kaomba, anaendesha gri ile ile, si munipe? Aje ale, bukari inapoa. Na kama iko kazini, nyumba njo yake. Muntu iko kazini munamufukuza namna gani?"

Koridoo yote ikapasuka kwa kicheko. Makarani walitoa vichwa milangoni. Mimi pia nilicheka, siwafichi. Mama alikuwa amemufunga yule bwana kwa kamba yake mwenyewe, na ile sahani niliiona ndiyo fimbo ya kumupigia. Shefu peke yake hakucheka. Alivuta abakosti chini, akasema: "Mama, mashini haidanganyi."

Nikaingia chumba cha mashini. Nikaiuliza serva ni biblioteki gani imepakia. Hakuna. Nikatoka.

"Shefu, Mapasa iko wapi?"

"Mapasa gani? Miye nimezaa mumoja mumoja."

"Biblioteki, Shefu. Biblioteki ya majina."

"Tumeikagua! Mama Bijou alitoa mpaka buibui!"

Mama Bijou njo akanieleza yote, vitabu vya nyuki na panya wake, na lile onyo la mashini. Niliegemea ukuta. Nikamueleza shefu, taratibu, na kichwa cha treni na ndoano na kila kitu: fishi ya Filipo ina miaka ya mwanzo, na kwa sababu hakuna aliyeifunga, inasema yuko kazini. Fishi ya Mwenge ina miaka ya mwisho na kifo. Zote ni muntu mumoja, na miaka yake inatosha na kupita. Turudishe versheni ya zamani, tutengeneze Mapasa upya, kisha ndiyo tupandishe.

Unafikiri alisema nini? "Haiwezekani. Nimekwisha kutoa ripoti. Tumekwisha kunywa pombe. Nchi inaenda mbele, Kisimba, hairudi nyuma." Mama mujane alale inje na watoto kwa sababu bwana mukubwa amekwisha kula mbuzi! Watu wa namna hii hawakuisha na Zaire, musijidanganye. Nawaona hata sasa, wamebadilisha nguo tu.

Nikameza hasira. Nikakumbuka Papa Ngoie. "Sawa, Shefu," nikasema, "mashini haidanganyi. Tuiulize basi jina moja tu, ambalo jibu lake sisi wote tunalijua. Lako."

Akapenda. Akaingia mwenyewe, na Mama Safi nyuma yetu na sahani yake, hakuna aliyethubutu kumuzuia. Nikaandika Lubamba. Mashini ikafikiri. Wakatoka wawili. Wa kwanza alikuwa shefu wa servisi, lakini miaka yake ilikuwa kiduchu, haimufikishi hata nusu ya ile inayotakiwa ili kukaa katika nyumba za kilimani, zile zenye baraza la kutazama ziwa. Na alikuwa anakaa huko. Wa pili aliitwa Deogratias Lubamba, karani wa stoo ya magunia. Yuko kazini.

Mama Safi akachungulia juu ya bega langu. "Na huyu Deogratias naye mumutafutie chakula," akasema.

Shefu akapandisha mukono kooni akafungua kifungo. Siku ile njo niliona shingo yake. Muntu wa kawaida, ana shingo kama sisi.

"Rudisha," akasema. "Rudisha sasa hivi."

Nilirudisha. Niliweza kwa sababu kabla ya safari ya Kabalo nilikuwa nimetoa kopi ya kila kitu kwenye bande, nikaifungia kabatini. Muntu asiye na njia ya kurudi asipandishe kitu, hata ngazi. Kisha tukaita Lubumbashi. Ingeniere aliposikia habari ya panya, phonie ilikaa kimya mpaka nikadhani imekufa. Kumbe alikuwa anacheka, maskini, au analia. Alikuja na treni kwa shida zake, nasi tukatengeneza Mapasa ya kufaa versheni mpya, tukaijaribu pembeni, kwenye kopi, wala si kwenye mashini ambayo watu wanaitegemea. Tuliiuliza wale tunaowajua. Ikatujibu vizuri. Hapo ndipo tulipandisha, na hakuna mbuzi aliyekufa.

Njo hivyo inafanywa. Unaiuliza serva: unaita vipande gani? Vyote, hata vile umevisahau, hata vya muntu aliyekwisha kuacha kazi. Kila kimoja unatafuta kilitengenezwa kwa versheni gani, na kama kile kipya kitakikubali. Unajaribu pembeni. Mashini ikiandika onyo, unasoma, unasoma mpaka mwisho, hata kama unaona neno unalolijua. Hasa kama unaona neno unalolijua! Si kazi ya uchawi. Ni kazi ya adabu tu, na adabu hamuna.

Munaniuliza, Papa, kwa nini hasira zote hizi? Mama alibaki na nyumba, hadisi imeisha vizuri. Sawa. Ngoja nimalize.

Siku ya mposho ile, badala ya kutoa vyombo, Mama Safi aliitwa biro apewe habari njema. Alikuja na sahani yake tena. Nikamukaribisha chumba cha mashini, nikamugeuzia ekra, kioo cha mashini, aone kwa macho yake. Mustari mumoja tu sasa. Kaomba, Filipo, Mwenge, yote pamoja, miaka imejumlishwa. Nikamwambia: "Mama, nyumba ni yako. Hakuna atakayekugusa mpaka mutoto wako Safi na wadogo zake wamalize shule."

"Aksanti, Kisimba." Alikuwa anatafuta kitu kwenye ekra. "Na Filipo?"

"Njo huyu huyu, Mama. Tumewaunganisha. Ni muntu mumoja."

"Haiko tena kazini."

"Hapana, Mama. Hapa mwisho inaandika: amekufa."

Alitikisa kichwa. Aliangalia ile sahani mapajani, akakaza fundo la kitambaa ambalo halikuwa limelegea.

"Walicheka, na mimi niliwaacha wacheke," akasema. "Nilimuosha na mikono yangu, Kisimba, ninajua. Lakini kutoka ile siku walisema Filipo iko kazini, kila mangaribi niliweka bukari yake, nikafunika. Nilisema, muntu hawezi kujua. Si munasema mashini haidanganyi?"

Alisimama, akafunga kitambala chake vizuri, akaniambia nibaki salama. Sahani aliiacha juu ya meza ya terminali, bado ya moto.